Natafuta Hoteli Isiyovuma

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami kwenye ukurasa huu, nijitambulishe haraka. Mimi ni Maren Lindahl wa Duluth, Minnesota, fundi wa kukaza nyuzi za piano. Mume wangu Rodney aliniacha, akaondoka na karakana, gari na wateja. Alichokikosa ni spana moja tu ya kukazia nyuzi. Ina jina lake kwenye mpini. Alinipa siku ya harusi, kisha akaidai mpaka mahakamani. Hakimu alicheka, akaniachia.

Nimekuja Las Vegas kwenye mkutano mkuu wa mafundi wa piano ili nifanye mtihani wa chama. Nikifaulu, ukumbi mpya wa muziki wa Duluth utaniajiri mimi. Nikianguka, kazi ni ya Rodney, mwenye cheti tangu zamani, na ambaye ameshawatangazia watu wote nyumbani kwamba nina masikio ya ng'ombe.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kitandani kwenye hoteli ya mkutano, Marchesa, kunapambazuka, nikisikiliza mlio nisiojua pa kuuzimia.

Mlio ulitoka sakafuni.

"Ni mashine," alisema Dot.

Dot Pruszynski ndiye ninayechangia naye chumba. Ni fundi mkongwe kutoka Milwaukee, mjane, mcheza kamari. Alikuwa amekaa kitandani kwake akila kamba wa kukaanga aliowatorosha kwenye bufee ndani ya kofia ya kuogea.

"Mashine gani, Dot? Tuko karibu na paa."

"Za kamari, mtoto. Zote zimepangwa kuimba noti moja ili zisigombane. Ukishinda, noti hiyo. Ukiliwa, noti hiyohiyo. Ukikaa hapa siku chache inahamia kichwani, inapanga chumba."

Nikachukua uma wangu wa sauti, kile chuma cha meno mawili tunachotumia kupatia noti ya kuanzia. Nikaugonga gotini, nikauweka sikioni.

Ulipaswa kuimba umenyooka kama mstari. Badala yake sauti ilipepea: wau, wau, wau.

Msomaji, hapo ndipo moyo uliponiruka. Nyuzi mbili zikikaribia kulingana bila kulingana, sauti zao hupepea hivyo. Kazi yetu yote ni kuusikia mpepeo huo na kuutuliza. Sasa nilikuwa nasikia mpepeo kati ya uma wangu na sakafu ya kasino!

"Mtihani ni kesho," nikasema.

"Basi lala leo."

"Nalalaje humu?"

"Kama mimi. Mimi niliolewa na mpiga tarumbeta."

Nikavaa viatu.

Sitaki kuisingizia Marchesa. Bafu lake ni la marumaru, na jioni unakuta taulo limekunjwa kwa umbo la bata. Lakini ukitaka kahawa, unapita katikati ya mashine. Ukitaka ukumbi wa mkutano, mashine. Hata kanisa lao dogo la kufungia ndoa, bibi harusi akigeuka tu, anatazamana na mashine. Saa ya ukutani hakuna. Dirisha hakuna.

Kijana wa mapokezi alikuwa na tabasamu la kazi.

"Nibadilishie chumba," nikamwambia. "Nataka kisichovuma."

"Kisicho na nini, mama?"

"Mlio. Huu."

Tukasikiliza wote wawili. Akainamisha kichwa upande mmoja kwa adabu.

"Mimi sisikii kitu."

"Umeanza kazi hapa lini?"

"Nina miaka sasa."

"Ndiyo maana."

Akabonyeza kompyuta. Uso ukamng'aa. "Nina chumba kizuri kinachotazama chemchemi!"

"Chemchemi inaimba?"

"Kila nusu saa, mama!"

Nikamshukuru, nikabeba begi langu la vifaa na kwenda zangu.

Ng'ambo ya daraja la waenda kwa miguu ipo hoteli inayoitwa Oleander. Haina kasino. Wageni wa mikutano hukimbilia pale wakishachoshwa na dhambi. Maji ya kunywa yana vipande vya tango. Wahudumu wananong'ona kama kuna mgonjwa ndani.

Pale ukumbini niligonga uma. Ukaimba umenyooka. Machozi yalinilenga.

"Ningependa kuona chumba," nikanong'ona na mimi.

Msichana akanipandisha. Zulia nene, mapazia mazito, kitanda kama mawingu. Nikagonga uma tena. Safi! Nikamgeukia msichana nimwambie nakichukua, na hapohapo kiyoyozi kikaamka.

Kilinguruma kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia.

"Kinazimwa?"

"Hapana, mama. Ni cha jengo zima."

"Dirisha linafunguka?"

Akanitazama kwa huruma. "Julai hii, mama? Ungetaka tukuoke?"

Nikaomba angalau nitumbukize kichwa bwawani. Maji hayana mashine, nilijiambia. Msichana akaniazima vazi la kuogelea, nikazama, nikafumba macho, nikasubiri kimya.

Chini ya maji kulikuwa na bendi.

Nawaapia. Wamefunga spika ndani ya bwawa. Niliibuka nakohoa, na mzee mmoja mwenye kofia ya mpira akaniambia kwa fahari, "Tamu, eh? Hoteli gani nyingine inakupa gitaa mpaka kwenye pua?"

"Maren."

Sauti hiyo haikuwa ya mzee. Nikafuta maji usoni.

Rodney alikuwa amesimama ukingoni, kaptura imepigwa pasi, beji ya mkutano shingoni. Bila shaka ndiye anayekaa Oleander. Mimi na kamba wa Dot, yeye na maji ya tango.

"Umekuja kuosha masikio?" akauliza.

"Nimekuja kuoga. Wewe umekuja kuangalia wanaooga?"

"Jioni hii natoka na watahini," akasema, akiigusa beji. "Bwana Oakes mwenyewe kanialika. Wanataka kunipandisha niwe mtahini mwaka ujao. Nilidhani ungependa kujua."

Merrill Oakes ndiye mtahini mkuu. Kesho ndiye atakayekaa na kalamu mbele yangu.

"Hongera," nikasema, nikijikamua nywele.

"Spana yangu bado unayo?"

"Spana yangu ninayo."

"Ina jina langu, Maren."

"Na sugu ya mkono wangu, Rodney."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu. Yeye alivaa tai, akapokea sifa. Mimi nilikuwa ndani ya piano mpaka kiunoni. Alikwenda mikutano yote ya chama peke yake. Mimi niliachwa karakanani na mbwa, na huko mkutanoni akawaambia wenzake kwamba mkewe hawezi kukaza hata kamba ya kiatu.

Nilitoka Oleander nywele zikinidondoshea maji mabegani. Nikampigia Dot simu. Nyuma yake mashine ziliimba noti ileile.

"Dot, nitarukwa na akili."

"Subiri, mtoto, huyu mdudu wa mashine anataka kunilipa… hataki. Sikiliza. Nenda mjini kati, kuna hoteli inaitwa Punda wa Fedha. Kuukuu, inanuka, lakini kuta zake nene na mashine zake nusu zimeshakufa. Kapumzike huko. Jioni nitakukuta, lazima nije tu."

"Lazima kwa nini?"

Lakini mdudu wake alikuwa ameanza kulipa, na Dot akakata.

Punda wa Fedha haina marumaru. Zulia la mlangoni limekula moshi wa sigara wa vizazi. Kwenye mapokezi alikaa mama mnene aliyekuwa akijipepea na sahani ya karatasi.

"Chumba kipo," akasema kabla sijauliza. "Lifti mbovu. Bwawa tulilifukia. Bufee ni mayai."

"Kunavuma?"

"Nini kivume, mwanangu? Hata sisi wenyewe tumechoka."

Niligonga uma palepale kaunta. Ukaimba. Nikasubiri kiyoyozi, nikasubiri bendi, nikasubiri chemchemi. Hakuna. Mlio wa Marchesa ukaanza kunitoka kichwani kama maji ya moto yanavyotoka sikioni.

Na katika kimya kile nikasikia mtu akitesa piano.

Ilikuwa baani. Mhudumu wa baa alikuwa anafuta vumbi, na kitambaa chake kilipita juu ya noti zote kutoka chini hadi juu. Piano ile ililia kama ngazi ya mbao inayokanyagwa na mlevi.

"Hiyo ina nini?" nikauliza.

"Sijui, dada. Mimi nimeanza kazi juzi." Akalitazama begi langu. "Wewe ni fundi?"

"Ndiyo."

"Basi si utengeneze?"

Semeni ninyi. Nilikuwa na usiku mmoja kabla ya mtihani. Nilikuwa na ukumbi mtupu, kuta nene, masikio yaliyorudi nyumbani, na piano inayoomba msaada. Fundi yeyote angefanya nini?

Nilivua koti.

Nyuzi zilikuwa zimelegea sana. Lakini zilikuwa zimelegea kwa utaratibu wa ajabu, kila moja imeshuka kidogo baada ya jirani yake, kama familia inayoshuka kilimani bila kumwacha mtoto. Nililisikia hilo. Noti ya chini kabisa hasa, ilikuwa na mpepeo wa taratibu mno, kama mtu anayepumua usingizini. Nilikaa nayo kitambo. Nikajisemea, ajabu.

Kisha nikaiweka spana ya Rodney juu ya msumari wa uzi, nikaikaza.

Nilikaza zote, noti kwa noti, mpepeo kwa mpepeo, mpaka piano nzima ikanyooka. Tangu nimeanza kazi hii sijawahi kukaza vile. Mikono ilijua kabla yangu. Nilipomaliza nilipiga noti tatu kwa pamoja, zikasimama hewani kama glasi. Mhudumu aliacha kufuta vumbi.

"Duh!" akasema.

Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kesho nafaulu! Duluth, nakuja!

Dot akatokea mlangoni, kofia ya kuogea yenye kamba wa kukaanga mkononi. Alikuwa anatabasamu. Nikampigia zile noti tatu ili asikie.

Tabasamu likamtoka. Kofia ikaanguka.

"Maren," akasema. "Niambie kuna piano nyingine humu."

"Ni hii hii. Sikia basi…"

"Usiiguse tena!"

Sijawahi kumsikia Dot akipiga kelele. Akaja, akaweka kiganja juu ya ubao wa piano kama anampima mtu homa.

"Unamjua Ottilie Brandvold?"

"Nani asiyemjua?" Nusu ya watahini wa chama aliwafundisha yeye. Nilisoma kazi zake karakanani, mbwa miguuni.

"Hii ni piano ya mumewe. Ottilie ndiye aliyekuwa akiikaza. Aliikaza mara ya mwisho, akaenda hospitali, hakurudi. Mumewe akasema isiguswe, iachwe ishuke yenyewe, taratibu, mpaka iishe. Chama kizima kilikubali. Kila mkutano mkuu, jioni ya kabla ya mitihani, watahini wanakuja hapa kusikiliza imefika wapi. Wanakaa kimya, wananywa glasi moja, wanaondoka. Ndiyo maana nilikwambia lazima nije."

"Hukunionya!"

"Nani angefikiri kukuonya? Kila fundi anajua! Ni kama kumwonya mtu asioshe miguu kwenye maji ya ubatizo!"

Kila fundi anajua. Kila fundi aliyekwenda mikutanoni. Si yule aliyeachwa na mbwa.

Nikaikamata spana. "Nitailegeza. Nazikumbuka zote, Dot, nilizisikia…"

"Ukilegeza itakuwa ni wewe. Haitakuwa yeye tena."

Hatukumsikia akiingia. Lucius Tolliver, mume wa Ottilie, ni mzee mrefu, suti ya kahawia, kofia mkononi. Alituinamia kichwa kwa heshima.

"Wanachama? Karibuni, mabinti. Mmewahi mwaka huu."

Akaketi kabla mdomo wangu haujapata neno. Akaweka mikono. Akapiga.

Alipiga mstari mmoja wa wimbo. Akasimama. Akapeleka kidole taratibu mpaka kwenye ile noti ya chini kabisa, akaigusa.

Ilisimama imenyooka kama nguzo. Haikupumua.

Mzee hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikaa amekishika kifuniko kama mtu aliyeshika kitasa cha chumba kitupu.

"Ah," akasema. "Ameshaondoka."

Nilitaka kusema ni mimi. Nawaapia nilitaka. Lakini kukasikika vicheko vya wanaume kwenye mapokezi, na sauti ya Bwana Oakes ikimsalimia mama wa mapokezi, na Dot akanikamata ukosi, akanivutia nyuma ya kaunta ya baa, chini, katikati ya makreti ya bia. Mhudumu alitutazama, akaona bora aende kuangalia barafu.

Spana ikabaki juu ya piano.

Kati ya makreti palikuwa na upenyo. Niliwaona watahini wakiingia, kofia mikononi kama wanaingia kanisani. Rodney nyuma yao, tai mpya.

"Lucius," akasema Bwana Oakes kwa upole. "Amefika wapi mwaka huu?"

Mzee alisogea kwenye benchi, akampisha. Bwana Oakes akapiga noti tatu, na uso wake ukageuka jiwe.

"Nani?"

"Nimekuta hivi," akasema Lucius.

Macho yake yalikuja mpaka kwenye kaunta, yakakaa hapo kidogo, yakaondoka. Alijua.

Bwana Oakes akaiona spana. Akaiinua, akausoma mpini.

"Nani mwenye hii?"

"Yangu!" Rodney alipenya katikati ya watu kama mtoto aliyeona mpira wake. "Bwana Oakes, hiyo ni yangu! Ina jina langu! Nimeihangaikia mpaka mahakamani, lete…"

Mkono wake ulishafika. Vidole vilishafunga mpini. Ndipo aliposikia jinsi watu walivyonyamaza.

Akaitazama spana. Akaitazama piano. Damu ikamtoka usoni.

"Hapana. Ngoja. Ni yangu, lakini si mimi. Ni Maren! Ni mke wangu wa zamani, ndiye anayekaa nayo!"

"Mkeo," akasema Bwana Oakes taratibu, "yule uliyetuambia hawezi kukaza hata kamba ya kiatu?"

"Ndiye!"

"Mwenye masikio ya ng'ombe?"



Bwana Oakes akapiga noti zile tena. Zikasimama kama glasi. "Miaka yangu yote, kazi safi kama hii nimeisikia kwa mtu mmoja tu, na huyo tumemzika. Unataka niamini hii ni ya mwanamke uliyemsema vile? Vua beji, Rodney. Mtahini hutakuwa. Na cheti chako tutakizungumzia kesho, kabla ya mtihani wowote."

Bila cheti hakuna Duluth. Si kwake. Ingebaki kwangu peke yangu.

Dot alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. "Tulia hapo hapo," akaninong'oneza. "Umeletewa kwenye sinia. Miaka yote hiyo alikula jasho lako. Mwache ale na hii."

Na msomaji, sitawadanganya. Nilitulia. Nilimwona Rodney akivuta beji shingoni, kamba imemnasa sikioni, na nilisikia utamu.

Kisha Lucius akanyanyua mkono.

"Bwana Oakes, beji ni yenu, fanyeni mtakavyo. Mimi nina ombi moja." Akamgeukia Rodney. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Noti ya chini. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya leo, niisikie tukiwa pamoja. Aliyeikaza ndiye mtu wa mwisho kumsikia mke wangu. Nakuomba, kijana, niimbie. Ilikuwa inapepea vipi?"

Rodney alitazama viatu vyake.

"Taratibu?" akauliza mzee. "Haraka? Kama nini?"

Rodney hakuwa na kitu cha kumpa.

Mimi nilikuwa nacho. Kilikuwa ndani ya sikio langu la kushoto, pale pale mlio wa Marchesa ulipokuwa umepanga chumba. Kilikuwa kinapumua, taratibu, kama mtu aliyelala.

"Thubutu," akanong'ona Dot.

Magoti yangu yakaanza kunyooka, na mimi nilikuwa bado sijaamua.